UZI: 4294967297, namba inayopita kipimo cha 2 na bado si tasa

#1 Tarakimu

Wakuu, uzi huu ni wa namba moja tu: 4294967297, yaani 2^32 + 1. Humu imeshatajwa mara nyingi, kwenye mada za kodi za kompyuta na mada za hesabu, na mara nyingi inatajwa vibaya. Kuna wanaoiita tasa kwa sababu programu imesema hivyo. Kuna wanaosema si tasa kisha wanaishia hapo. Inastahili zaidi ya hayo, maana karibu kila sifa yake inaweza kukaguliwa kwa kalamu na karatasi.

Chimbuko ni Pierre de Fermat. Mwaka 1640 alizitazama namba zinazopatikana kwa 2^(2^n) + 1. Ukiweka n = 0, 1, 2, 3, 4 unapata 3, 5, 17, 257 na 65537, na zote tano ni tasa. Fermat akaamini kwamba zinazofuata nazo ni tasa, ingawa alikiri hana uthibitisho. Ya n = 5 ndiyo hii yetu. Desemba 1729 Christian Goldbach alimwandikia Leonhard Euler kuhusu dai hilo, na mwaka 1732 Euler akalivunja:

4294967297 = 641 × 6700417

Usikubali kwa kuambiwa. Gawanya:

4294 kwa 641 ni 6, baki 448
Shusha 9: 4489, ni 7, baki 2
Shusha 6: 26, ni 0
Shusha 7: 267, ni 0
Shusha 2: 2672, ni 4, baki 108
Shusha 9: 1089, ni 1, baki 448
Shusha 7: 4487, ni 7 kamili, baki 0

Wengi huteleza kwenye zile sifuri mbili za katikati. Ukishusha 6 ukapata 26, ni lazima uandike 0 kwenye jibu kabla ya kushusha 7. Ukisahau sifuri moja unapata 670417, ukisahau zote mbili 67417. Jibu sahihi lina tarakimu 7.

Kuna njia fupi kuliko hii, ambayo haihitaji hata kuiandika namba yenyewe. Unafuata mabaki tu:

2^8 = 256
2^16 = 256 × 256 = 65536. Ondoa 641 × 102 = 65382, baki 154
2^32: 154 × 154 = 23716. Lakini 641 × 37 = 23717, kwa hiyo imepungua moja tu

Maana yake 2^32 ikiongezwa 1 inagawanyika kwa 641 bila baki. Mistari mitatu, basi.

---

#2 Bikari_na_Rula

Mkuu Tarakimu umeanza vizuri. Naongeza uthibitisho mfupi kuliko yote, ambao hauhitaji kugawanya chochote. Nikiandika ≡ namaanisha pande mbili zinaacha baki ileile zikigawanywa kwa 641.

Namba 641 ina sura mbili:

641 = 5 × 128 + 1 = 5 × 2^7 + 1
641 = 625 + 16 = 5^4 + 2^4

Sura ya kwanza inasema 5 × 2^7 ≡ −1. Pandisha pande zote kwa kipeo cha 4: 5^4 × 2^28 ≡ 1.
Sura ya pili inasema 5^4 ≡ −2^4. Iweke mahali pake: −2^4 × 2^28 ≡ 1, yaani −2^32 ≡ 1, yaani 2^32 + 1 ≡ 0.

Hapo imeisha. Nawashauri walimu waufundishe huu kabla ya mgawanyo mrefu, kwa sababu mwanafunzi anaona *kwa nini* ni 641 na si 643. Ni hizo sura mbili zilizokutana ndani ya namba moja.

---

#3 Mzizi_wa_Tatu

Swali langu ni hili. Kuhakikisha 641 ni rahisi ukishatajiwa. Euler aliifikiaje? Kipeuo cha pili cha 4294967297 ni 65536 na ushee. Namba tasa chini ya hapo ni maelfu. Alizijaribu zote kutoka 3?

---

#4 Tarakimu

Hapana, na sehemu hii ndiyo tamu kuliko zote. Kigawo tasa cha namba hii hakiwezi kuwa tasa yoyote tu. Tuseme p ni tasa na inagawanya 2^32 + 1.

Basi 2^32 inaacha baki −1 kwa p, yaani imepungua 1 tu kugawanyika. Ukiizidisha kwa yenyewe, 2^64 inaacha baki 1. Sasa tafuta kipeo kidogo kabisa cha 2 kinachorudisha baki 1. Lazima kigawanye 64, kwa hiyo ni 1, 2, 4, 8, 16, 32 au 64. Kingekuwa 32 au chini ya hapo, 2^32 ingeacha baki 1, na tumeshaona inaacha −1. Kwa hiyo ni 64 hasa.

Fermat mwenyewe alitangaza, na Euler akathibitisha baadaye, kwamba 2^(p−1) huacha baki 1 kwa kila tasa p witiri. Kwa hiyo 64 inagawanya p − 1, yaani p ni ya umbo 64k + 1.

Orodha inaanza hivi: 65, 129, 193, 257, 321, 385, 449, 513, 577, 641. Toa zisizo tasa, unabaki na 193, 257, 449, 577, 641. Ya tano ndiyo yenyewe. Kutoka maelfu hadi majaribio matano.

Mwaka 1878 Édouard Lucas alibana zaidi. Kwa kuwa p ni ya umbo 64k + 1, inaacha baki 1 kwa 8, na kwa tasa za namna hiyo 2 ni mraba: kuna s ambayo s × s ≡ 2. Kipeo kidogo kinachorudisha s kwenye 1 ni mara mbili ya kile cha 2, yaani 128. Kwa hiyo p ni ya umbo 128k + 1: 129, 257, 385, 513, 641. Tasa humo ni 257 na 641 tu. Jaribio la pili linakupa jibu.

Na hata 257 huhitaji kuijaribu. 2^8 inaacha −1 kwa 257, kwa hiyo 2^16 inaacha 1, 2^32 inaacha 1, na namba yetu inaacha baki 2. Hivyo hivyo kwa 3, 5, 17 na 65537: zote zinaacha baki 2. Sababu ni kwamba

3 × 5 × 17 × 257 × 65537 = 4294967295

ambayo ni pungufu mbili kamili ya namba yetu. Namba za Fermat hazigawani kigawo chochote zaidi ya 1.

---

#5 Kidato_cha_Tano

Asanteni. Na 6700417 je? Tunajuaje kwamba nayo haivunjiki?

---

#6 Bikari_na_Rula

Swali zuri mdogo wangu, na wengi hulipita juu juu. Kigawo chochote tasa cha 6700417 ni kigawo cha namba kubwa pia, kwa hiyo nacho lazima kiwe 128k + 1. Kipeuo cha pili cha 6700417 kiko kati ya 2588 na 2589. Tasa za umbo hilo chini ya 2589 ni tano tu: 257, 641, 769, 1153, 1409. Nyingine zote za umbo hilo zinavunjika (mfano 1537 = 29 × 53, 1793 = 11 × 163, 2561 = 13 × 197).

257 × 26071 = 6700247, baki 170
641 × 10453 = 6700373, baki 44
769 × 8713 = 6700297, baki 120
1153 × 5811 = 6700083, baki 334
1409 × 4755 = 6699795, baki 622

Hakuna iliyoisha. 6700417 ni tasa. Zingatia kwamba 641 imo kwenye orodha ya kujaribu. Usiiache kwa kudhani imeshatumika, maana namba inaweza kugawanyika kwa tasa ileile mara mbili.

Ukishakuwa na vigawo vyote, mengine yanafuata haraka. Vigawo vyake ni vinne: 1, 641, 6700417 na yenyewe. Jumla yake ni 642 × 6700418 = 4301668356. Idadi ya namba ndogo kuliko yake zisizoshirikiana nayo kigawo zaidi ya 1 ni 640 × 6700416 = 4288266240.

---

#7 Kokotoa_Taratibu

Kuhusu vikokotoo, kwa sababu wanafunzi watajaribu usiku huu. Kikokotoo kidogo cha tarakimu 8 hakiwezi kuionyesha namba hii, kitaandika E. Cha dukani cha tarakimu 12 kinaionyesha nzima. Vya kisayansi vyenye kitufe cha FACT, kama fx-991ES PLUS, vitakupa 641×(6700417). Hayo mabano msiyasome vibaya. Kikokotoo kinatafuta vigawo tasa vya tarakimu zisizozidi tatu, na kilichobaki ambacho hakikuweza kukimaliza kinafungwa kwenye mabano. Mabano hayasemi kwamba 6700417 si tasa, wala hayasemi kwamba ni tasa. Kazi hiyo imefanywa na mkuu Bikari pale juu.

---

#8 Kodi_Safi

Naleta upande wa kompyuta. Chukua Python, weka N = 2**32 + 1, kisha kokotoa pow(2, N-1, N), yaani baki ya 2^(N−1) ikigawanywa kwa N. Inarudisha 1. Kwa kipimo cha Fermat hiyo ni dalili ya tasa. Vilevile ukitumia kipimo kikali zaidi cha Miller na Rabin kwa msingi wa 2 (msingi ni namba inayopandishwa kipeo), inapita. Naomba mtu aeleze vizuri kinachotokea, kwa sababu kuna maktaba za programu zinazotumia msingi wa 2 peke yake kuchuja namba.

Na angalizo kabla ya yote: kwenye Python alama ya kipeo ni **. Ukiandika 2^32+1 utapata 35, kwa sababu ^ ni operesheni ya biti na kujumlisha kunatangulia: inakuwa 2^33, biti 000010 na 100001, jibu 100011. Kwenye JavaScript (1<<32)+1 inakupa 2, kwa sababu kusukuma biti huko ni kwa biti 32 tu na kusukuma 32 ni sawa na kutosukuma. Na kwenye C, namba yetu ukiiweka kwenye uint32_t inageuka kuwa 1. Ina biti 33: moja, sifuri 31, moja. Ile ya juu inadondoka.

---

#9 Tarakimu

Mkuu Kodi_Safi, kinachotokea ni kwamba kipimo cha 2 ni kipofu kwa namba hii, na kitakuwa kipofu kwa kila namba ya Fermat. Sababu ni ya kimaumbile. N imejengwa kwa 2. Kwa N, 2^32 ≡ −1 kwa sababu tu N ni 2^32 + 1. Haijalishi N ni tasa au si tasa. Kwa hiyo 2^64 ≡ 1. Na N − 1 ni 2^32, ambayo inagawanyika kwa 64. Basi 2^(N−1) ≡ 1 bila shaka yoyote. Kipimo hakijauliza chochote kuhusu vigawo vya N. Miller na Rabin kwa msingi wa 2 nacho kinatafuta −1 njiani, na −1 ipo palepale kwenye 2^32.

Dawa ni kubadili msingi. Tumia 3. Mwaka 1877 Théophile Pépin alitoa kipimo kamili cha namba hizi: kuanzia n = 1, namba F ni tasa ikiwa, na ikiwa tu, 3^((F−1)/2) inaacha baki −1 kwa F. Kwa yetu (F−1)/2 = 2^31, kwa hiyo unaanza na 3 na kuipandisha mraba mara 31, kila mara ukichukua baki.

Mraba wa 1: 9
wa 2: 81
wa 3: 6561
wa 4: 43046721
wa 5: 3793201458
...
wa 31: 10324303

Ingekuwa tasa, wa 31 ungekuwa 4294967296. Si hivyo, kwa hiyo N si tasa. Na mraba mmoja zaidi, 3^(N−1), unatoa 3029026160 badala ya 1. Kumbuka kwamba njia hii imethibitisha N inavunjika bila kukuonyesha kigawo hata kimoja.

Kuchukua baki hapa hakuhitaji kugawanya kabisa. Kwa kuwa 2^32 ≡ −1, kata zao kwenye biti ya 32, kisha toa nusu ya juu kutoka nusu ya chini. Ikitoka hasi, ongeza N. Mfano wa mraba wa 5:

43046721 × 43046721 = 1853020188851841
Nusu ya juu: 431439
Nusu ya chini: 3793632897
3793632897 − 431439 = 3793201458

Mnaona imelingana na orodha.

Hatari iko kwenye mraba wa 6. 3793201458 mara yenyewe ni kama 1.44 × 10^19. Namba ya biti 64 yenye alama ya + na − inaishia kama 9.22 × 10^18, kwa hiyo inafurika na kukupa takataka bila kukuonya. Tumia biti 64 zisizo na alama (uint64_t), zinafika kama 1.84 × 10^19. Hata hizo zina shimo moja: baki ikiwa 4294967296 yenyewe, mraba wake ni 2^64 na unageuka 0. Kwa N hii haitokei njiani, lakini programu nzuri inaweka kinga: baki hiyo ni −1, mraba wake ni 1. JavaScript ya kawaida ni sahihi hadi 9007199254740991 tu, kwa hiyo huko tumia BigInt tangu mwanzo.

---

#10 Mzizi_wa_Tatu

Hiyo 10324303 inakaguliwaje bila kompyuta? Miraba 31 ya namba za tarakimu 10 kwa mkono ni mingi mno.

---

#11 Tarakimu

Kagua kwa 641. Mabaki kwa N lazima yalingane na mabaki kwa kigawo chake. Kwa tasa 641 vipeo hujirudia kila 640, na 2^31 inaacha baki 128 kwa 640 (kwa sababu 640 = 128 × 5, na 2^24 inaacha 1 kwa 5). Kwa hiyo unahitaji 3^128 tu, yaani miraba 7:

3^4 = 81
3^8: 6561, baki 151
3^16: 22801, baki 366
3^32: 133956, baki 628, yaani −13
3^64: 169
3^128: 28561, baki 357

Sasa gawanya 10324303 kwa 641: 641 × 16106 = 10323946, baki 357. Zimekubaliana. Kosa la hesabu njiani lingeonekana hapa karibu kila mara.

---

#12 Kodi_Safi

Nimeelewa, asante sana mkuu. Basi naongeza mtego wa jamii hiyohiyo. Njia ya Pollard ya p − 1 ndiyo inayopaswa kuipasua namba hii mara moja, maana kwa p = 641, p − 1 ni 640 = 2^7 × 5, laini mno (vigawo vyake tasa ni vidogo tu). Unakokotoa a^640 − 1 kisha unatafuta KKS (kigawo kikubwa cha shirika) yake na N. Ukiweka a = 2, KKS inatoka N yenyewe, na programu nyingi zinaandika "imeshindikana". Sababu ni ileile: 640 inagawanyika kwa 64, na 2^64 ≡ 1 kwa 641 *na* kwa 6700417 kwa pamoja. Vigawo vyote viwili vinakamatwa kwa mkupuo na huwezi kuvitenganisha. Weka a = 3 na KKS inatoka 641 safi, kwa sababu 6700416 = 2^7 × 3 × 17449, na hiyo 17449 haimo kwenye 640.

Kwa hiyo kanuni ya kuandika kwenye kodi: ukiona KKS imetoka N, usiache, badili a.

---

#13 Miraba_Miwili

Hakuna aliyegusa miraba, naomba niiweke. N ni jumla ya miraba miwili kwa wazi kabisa: 65536² + 1². Tasa ya umbo 4k + 1 ina njia moja tu ya kuandikwa kama jumla ya miraba miwili. Kwa hiyo ukipata njia ya pili, umethibitisha si tasa. Ipo:

62264² + 20449² = 3876805696 + 418161601 = 4294967297

Euler alikuwa na njia ya kugeuza jozi mbili kama hizi kuwa vigawo. Panga shufwa kwa shufwa, witiri kwa witiri:

Tofauti: 65536 − 62264 = 3272, na 20449 − 1 = 20448. KKS yake ni 8.
Jumla: 65536 + 62264 = 127800, na 20449 + 1 = 20450. KKS yake ni 50.

Nusu ya 8 ni 4, nusu ya 50 ni 25: 4² + 25² = 16 + 625 = 641.
3272 ÷ 8 = 409, 20448 ÷ 8 = 2556: 409² + 2556² = 167281 + 6533136 = 6700417.

Vigawo vyote viwili vimetoka, kila kimoja kikiwa kimeshavaa miraba yake. Kosa la kawaida ni kuchanganya: ukitoa witiri kutoka shufwa unapata namba witiri, na nusu zake hazitakuwa namba nzima. Ukiona sehemu, rudi kwenye mpangilio.

---

#14 Kidato_cha_Tano

Mwalimu, na hiyo 62264 na 20449 unaipata wapi ukiwa hujui vigawo?

---

#15 Miraba_Miwili

Kwa kutafuta, na ni kazi. Unatoa mraba wa 3, wa 5, wa 7 na kuendelea kutoka N, ukiangalia kila mara kama kilichobaki ni mraba kamili. 20449 ni witiri ya 10224 baada ya 1. Kompyuta inafika hapo papo hapo, mkono haufiki kirahisi. Ukijua vigawo tayari, inatoka kwa mistari miwili:

25 × 2556 − 4 × 409 = 63900 − 1636 = 62264
25 × 409 + 4 × 2556 = 10225 + 10224 = 20449

Sasa geuza alama zote mbili: 63900 + 1636 = 65536, na 10225 − 10224 = 1. Jozi ya kwanza imerudi. Hiyo tofauti ya 1 kati ya 10225 na 10224 ndiyo inayozaa 1² kwenye 65536² + 1². Kwangu hii ndiyo sifa nzuri kuliko zote za namba hii.

---

#16 Bikari_na_Rula

Ni nzuri kweli. Mimi nina ya jiometri, fupi. Carl Friedrich Gauss mwaka 1796 aligundua kwamba umbo la pande 17 zilizo sawa linaweza kuchorwa kwa bikari na rula isiyo na vipimo. Kwa pande witiri, sharti ni idadi ya pande iwe zao la namba tasa za Fermat zisizojirudia. Kwamba sharti hilo ni la lazima alithibitisha Pierre Wantzel mwaka 1837. Tasa za Fermat zinazojulikana ni zile tano tu, kwa hiyo idadi kubwa kabisa ya pande witiri tunayoijua ni 3 × 5 × 17 × 257 × 65537 = 4294967295. Yetu ingekuwa tasa, umbo la pande 4294967297 lingechorwa. Halichoreki, na la pande 641 halichoreki.

Chora pia pembetatu ya Pascal ukiweka 1 penye witiri na 0 penye shufwa, kisha soma kila mstari kama namba ya 0 na 1: 1, 3, 5, 15, 17, 51... Mistari 32 ya kwanza inakupa, baada ya 1, idadi zote 31 za pande witiri zinazojulikana kuchoreka, hadi 4294967295. Mstari unaofuata ni 1, sifuri 31, 1. Ni namba yetu, na hapo mfuatano unakatika.

---

#17 Mzizi_wa_Tatu

Na zinazofuata? n = 6 na kuendelea?

---

#18 Tarakimu

Ya n = 6 ni 18446744073709551617 = 274177 × 67280421310721. Fortuné Landry aliitangaza mwaka 1880. Kwa kanuni ya Lucas vigawo vyake ni vya umbo 256k + 1, na 274177 inatokea k ikiwa 1071, kwa hiyo orodha ni ndefu lakini bado ya binadamu. Ya n = 7 ilisubiri hadi 1970, Morrison na Brillhart, kwa kompyuta. Ya 8 mwaka 1980, Brent na Pollard. Ya 9 mwaka 1990. Kutoka n = 5 hadi n = 32 zote zimethibitishwa si tasa; ya n = 33 ndiyo ndogo kabisa ambayo hali yake haijulikani. Hakuna tasa nyingine iliyopatikana baada ya 65537.

---

#19 Kodi_Safi

Kabla uzi haujasogea mbali, kuna matumizi halisi ambayo hayajatajwa. Kwa kuwa 641 × 6700417 ni 2^32 + 1, basi kwenye hesabu za biti 32 zao hilo ni 1. Namba hizi mbili zinafutana. Kompaila inaweza kuondoa mgawanyo wa 641, ambao ni wa polepole kwenye kichakato, na kuweka kuzidisha:

x / 641 = (x * 6700417) >> 32

zao likiwa la biti 64. Ni sahihi kwa kila x kuanzia 0 hadi 4294967295, na sababu ni rahisi. Andika x = 641q + r. Zao ukiligawa kwa 2^32 unapata x/641 na nyongeza ya x/(641 × 2^32). Kwa x iliyo chini ya 2^32 nyongeza hiyo haifiki 1/641. Baki r haizidi 640, kwa hiyo sehemu r/641 pamoja na nyongeza haifiki 1, na q haiguswi.

Kupima tu kama x inagawanyika kwa 641: zidisha kwa 6700417, bakiza biti 32 za chini, na uangalie kama hazizidi 6700416. Zikizidi, haigawanyiki.

---

#20 Kokotoa_Taratibu

Namba nyingine nyingi za kugawia zinahitaji kusukuma biti zaidi ya 32 au marekebisho ya ziada. 641 haihitaji. Je, inavunjikia wapi ukizidi biti 32?

---

#21 Kodi_Safi

Palepale mpaka unapoishia. Ya kwanza kuvunjika ni x isiyopungua 2^32 yenye baki 640. Na 2^32 yenyewe inaacha baki −1 kwa 641, yaani 640, kama mkuu Tarakimu alivyoonyesha kwenye #1. Kwa x = 4294967296 jibu sahihi ni 6700416, na kanuni inatoa 6700417. Kwa hiyo ukihamishia kodi hii kwenye x ya biti 64, weka kinga kwenye kuingia: x > 4294967295, tumia mgawanyo wa kawaida.